Gesi ya Makaa Iliyokuachia

Nanyuki,
Jumamosi alasiri

Mwanangu Mwende,

Wewe na baba yako mmeenda Chaka kumuaga nyanya yako, na mimi nimebaki nikisema nina gauni la mteja la kumalizia. Gauni hilo nililimaliza jana. Nimebaki kwa sababu nilitaka nyumba itulie nikuandikie, na kwa sababu najijua: kesho pale uwanja wa ndege sitasema lolote la maana. Nitakuuliza kama umebeba sweta. Habari za sweta, za pasipoti, za kanisa na za wanaume wa huko, shangazi zako wamezisema tangu Jumatatu, tena kwa kupokezana, kwa hiyo mimi nitazipita.

Nataka kukueleza siku ile ya dukani tangu mwanzo hadi mwisho. Unaijua kwa vipande tu. Kimoja umekisikia kwa baba yako, ambaye hakuwepo, na kingine kwa Mzee Abdi, ambaye huwa anaifupisha. Mimi mwenyewe sijawahi kukaa nikaisema yote. Na baada ya hiyo siku kuna miaka iliyoifuata, ambayo kwangu ilikuwa mirefu na migumu kuliko siku yenyewe.

Ulikuwa na miaka saba. Ilikuwa Julai, ile Julai yetu ambayo mlima hauonekani wiki nzima na nguo zinaanikwa asubuhi zikaanuliwa jioni zikiwa mbichi vilevile. Baba yako alikuwa dereva wa lori la ngano na alikuwa safarini. Nilikuwa nimekodi chumba kimoja kando ya barabara ya sokoni, nikakigawa kwa pazia. Mbele palikuwa na cherehani yangu, nyuma palikuwa na meza ya kupigia pasi. Nilikuwa nimepewa kazi ya kushona magauni meupe ya kwaya, kazi yangu ya kwanza kubwa tangu nijiite fundi, na Jumapili ilikuwa inakaribia.

Asubuhi hiyo ulikuwa na mafua, hukwenda shule. Tulikuja dukani pamoja kwenye mvua. Nikakuvua viatu nikaviacha karibu na mlango vichuruzike maji, halafu nikakulaza nyuma ya pazia juu ya majora ya kitambaa, karibu na jiko, maana hapo ndipo palipokuwa na joto. Jiko lile nililiwasha kwa ajili ya pasi. Wewe umekua na pasi ya stima, lakini wakati ule tulikuwa na pasi ya chuma ya kutia makaa tumboni, na makaa yakipoa unayabadilisha kwa mengine kutoka jikoni. Upepo ulikuwa unasukuma mvua ndani, na magauni yalikuwa meupe. Nikafunga mlango. Dirisha nikaliziba kwa gunia. Kila fundi wa mji huu alifanya hivyo wakati wa baridi, na hata leo wako wanaofanya.

Nilianza kuumwa na kichwa. Nikafikiri ni macho, kwa sababu ya kushona kitambaa cheupe kwenye mwanga hafifu. Nilikuwa naenda nyuma kubadilisha makaa na kukuangalia, na kila nikienda nakuona umelala vizuri, mashavu mekundu, nikashukuru kwamba mafua yamekupa nafasi ya kupumzika. Nikarudi kwenye cherehani. Baadaye nakumbuka kuona sindano ikishona ukingo wa gauni, ikatoka nje ya kitambaa, ikaendelea kushona hewa, na mguu wangu ukiendelea kukanyaga. Niliiangalia tu. Haikunisumbua hata kidogo.

Mzee Abdi alikuwa ameniletea kanzu niifupishe, na alitaka kuivaa Ijumaa. Unajua alivyo, hapendi kungoja. Alitoka soko la mifugo na fimbo yake na makoti mawili juu ya mwili, akakuta mlango umefungwa na cherehani haisikiki. Akagonga. Anasema nilimjibu, lakini nilimjibu kwamba harusi ni kesho. Hapakuwa na harusi. Akasukuma mlango akaniona nimeegemea meza, uso umewekwa juu ya gauni. Akanishika makwapa, akaniburuta mpaka verandani, akaniketisha kwenye mvua.

Sasa sikiliza sehemu hii, kwa maana hii ndiyo ambayo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Nilikaa pale verandani, mvua ikinipiga usoni, na nikajisikia vizuri. Niliona barabara, nikaona punda wa mtu amefungwa kwenye nguzo. Na sikukumbuka kwamba nina mtoto. Mzee Abdi aliniuliza kama niko peke yangu, nikatikisa kichwa kukubali.

Alikuwa ameinama anifunike kwa koti lake alipoviona viatu vyako hapo mlangoni. Vidogo, na vimelowa.

Akaniuliza, "Mama Mwende, hii viatu ni ya nani?"

Nilivitazama viatu. Nilijua navijua. Mdomo haukupata jina. Yeye hakungoja jibu. Alirudi ndani akapasua lile pazia, na alipotoka alikuwa amekubeba begani kama mwanakondoo, mikono yako ikining'inia mgongoni mwake. Hapo ndipo nilipopiga kelele, na watu wakaja.

Hospitalini walikuwekea kifuniko cha mpira usoni, cha kukupitishia oksijeni, na daktari akaniambia kwamba gesi ya makaa imeingia kwenye damu. Nikamwuliza kama itatoka. Akasema tungoje tuone. Alikuwa na wagonjwa wengi, na sidhani alisema kwa ubaya. Lakini maneno hayo mawili, tungoje tuone, niliyachukua nikaenda nayo nyumbani, na nikaishi nayo miaka.

Ulipoamka ulinijua. Ulimjua baba yako. Vitu vingine vilikuwa vimepotea. Kikombe ulikiita "ile". Vifungo vya sweta vilikushinda, vidole vilikuwa vinatetemeka, na kitandani ulikuwa unalowesha kama mtoto mchanga. Mwalimu wako wa darasa la kwanza aliniita akaniambia kwa upole kwamba nikutoe shule, kwamba kuna watoto ambao nyumbani panawafaa zaidi. Nikakutoa. Ulikaa nami dukani mwaka mzima, mlango wazi, dirisha wazi, baridi ikitutafuna sote wawili. Nilikuwa nakupa vipande vya kitambaa uvipange kwa rangi.

Halafu mambo yakaanza kurudi, moja moja, bila mpango. Siku moja nilikuwa napambana na uzi mweusi kwenye sindano ya mkono, macho yamechoka. Ukainyakua sindano mkononi mwangu, ukalamba ncha ya uzi, ukaupitisha mara ya kwanza. Ukanirudishia na kuendelea na vitambaa vyako kama hakuna kitu kimetokea. Nililia juu ya ile nguo mpaka ikabidi niifue.

Mtu mwenye akili angeona siku hiyo kwamba umepona. Mimi sikuona. Na hapa ndipo nilipokosea, mama, na nimekosea hivyo muda mrefu mbele ya macho yako, kwa hiyo si jambo geni kwako, ila labda hujui lilitoka wapi. Nilikuwa nimeamini kwamba gesi ile ilikuwa bado ndani yako. Niliiona kama masizi ndani ya sufuria, kitu kinachoganda na ambacho hata ukisugua hakiishi. Ulipoangusha sahani, nilisema moyoni ni gesi. Ulipopata alama mbaya za hesabu, ni gesi. Watoto wote huangusha sahani, lakini wewe nilikunyima hata hiyo ruhusa. Uliporudi shule, kila mwaka nilikwenda kwa mwalimu mpya siku ya kwanza, nikamwambia huyu mtoto aliwahi kuingiwa na gesi, tafadhali mwangalie polepole. Na kila mwaka mwalimu alikuweka nyuma, karibu na wale ambao hawaulizwi maswali.

Mpaka ulipofika darasa la tano. Tulikuwa tunatembea kwenda shule, siku ya kufungua, na nilikuwa nimevaa leso yangu nzuri ya kichwani. Ukasimama katikati ya njia.

"Mami, leo usiingie," ukasema. "Ukimwambia huyu pia, ataniona vile unaniona."

Sikuingia. Nilisimama langoni nikakuangalia ukivuka uwanja. Mwisho wa muhula ulikuwa wa tatu darasani, na baba yako alinunua soda za watoto wote wa majirani pale plotini. Mimi nilikunywa yangu nikiwaza itakuwaje ukichoka.

Ulipopata nafasi ya shule ya bweni kule Nyeri, nilikataa. Nilisema usiku wa Nyeri ni wa baridi na sijui wanawasha nini kupata joto mle bwenini. Baba yako, ambaye unajua hapandishi sauti, aliniambia kwamba kama nitakuzuia, nisiseme tena ni gesi iliyokuharibia maisha, nijitaje mwenyewe. Siku kadhaa zikapita. Kisha nikakushonea sketi za shule, nikaziacha juu ya kitanda chako, na hilo ndilo lilikuwa jibu langu.

Nakumbuka siku ya wazazi, ulipokuwa kidato cha tatu, kuliko siku nyingine yoyote ya shule yako. Walituingiza kwenye maabara kwa makundi. Wasichana wengine walikuwa wameweka maji ya kubadilika rangi, na wengine chura kwenye ubao. Wewe na mwalimu wako, Bi. Muthoni, mlikuwa na gilasi ya mdomo mpana yenye spiriti kidogo chini, na waya wa shaba uliosokotwa kama chemchemi ya kitanda. Ukaupasha waya ule moto mpaka ukawa mwekundu, ukauning'iniza ndani ya gilasi, juu ya spiriti bila kuigusa, ukazima moto. Sisi wazazi tukangoja waya upoe. Haukupoa. Ulififia kidogo, ukawaka tena mwekundu, ukafifia, ukawaka, na hapakuwa na ndimi za moto wala mkaa popote. Baba mmoja wa Karatina alisema ni stima imefichwa. Ukamwonyesha chini ya meza hakuna kitu.

Bi. Muthoni akakuachia ueleze. Nami nilijificha nyuma ya wengine nisikutie hofu. Ulisema kwamba mvuke wa spiriti unapanda na kukaa juu ya shaba, chembe kwa chembe, ndogo kiasi kwamba hakuna jicho la kuziona. Oksijeni ya hewa nayo inakaa hapohapo kando yake. Zikishakaa juu ya madini zinalegea, zinaachana na zile zilizokuja nazo, zinashikana upya kwa namna nyingine, na kule kushikana ndiko kunakotoa joto. Halafu zinaondoka, na pale zilipokuwa panabaki wazi kwa nyingine. Shaba inabaki shaba. Ulisema yote hayo bila kutetemeka, na mkono mmoja ulikuwa umeushika ule waya kwa koleo, umetulia kabisa. Nilikuwa nauangalia mkono kuliko waya.

Mchana tulikaa kwenye nyasi tukala chapati nilizobeba. Baba yako alikuwa ameenda kuangalia lori. Nikakuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu hospitali. Nilikuuliza kama gesi ya makaa nayo hukaa juu ya vitu hivyo.

Ulitafuna kwanza. Ukasema inakaa, na kuna madini kama platinamu ambayo inayashika sana, mpaka ikijaa juu yake oksijeni inakosa pa kukaa na kazi yote inasimama. Kwa damu ni hivyohivyo, ukasema, kuna chuma kidogo ndani ya damu ambapo oksijeni hukaa, na gesi ile huja ikakalia hapo.

"Na ikishakaa?" nikauliza.

"Inaachia, Mami. Platinamu ukiipasha moto, inaachia. Kwa mtu ni hewa safi tu, oksijeni ikizidi inasukumana nayo mpaka inatoka."

"Inachukua muda gani?"

"Masaa. Siku moja hivi." Ukaniangalia, na nadhani ndipo ulipoelewa nilichokuwa nauliza. "Hiyo ya kwangu iliniachia hapo hospitali, kitambo. Zile shida zilikuja baadaye ni vile kichwa kilikuwa kimeumia kwa kukosa hewa, na kikapona. Gesi yenyewe haiko. Haijakuwa ndani yangu tangu niwe na miaka saba."

Niliiweka chapati chini. Nilikuwa nimepigana na kitu kwa miaka, na kitu chenyewe kilikuwa kimeondoka kabla hata sijakutoa hospitalini. Ukaniuliza kama ninalia, nikasema ni pilipili. Hapakuwa na pilipili.

Ungedhani basi niliacha kuogopa siku hiyo. Mtu haachi hivyo. Ulipochagua kusoma kemia chuo kikuu kule Nairobi nilisema ni kwa sababu ya ile siku. Ulipopata nafasi hii ya Uingereza, kwenda kusoma hasa jinsi gesi zinavyokaa juu ya madini na kubadilika, nilijiambia mtoto wangu ameitwa na ile gesi, kwamba maisha yako yote yameshonwa na ule mchana mmoja ambao mimi niliziba dirisha. Nililala na wazo hilo vibaya sana. Wiki iliyopita ulipokuwa unapiga pasi mablauzi yako nikakuuliza waziwazi.

Ukacheka. Ulisema hata huikumbuki siku ile, unakumbuka mvua tu, na fimbo ya Mzee Abdi ikigonga sakafu. Ulisema unaenda kwa sababu ya ule waya. Kwamba uliposoma kidato cha tatu uliona kitu kinawaka bila moto na hakuna mtu shuleni, hata Bi. Muthoni, aliyeweza kukuambia kile kinachotokea pale juu kabisa ya shaba wakati chembe zinakaa, zinakaa namna gani, zimesimama au zimelala, na kwa nini zinaondoka. Ukanieleza jinsi wanavyochukua kipande cha madini kidogo kama ukucha, wakakisafisha mpaka kisiwe na kitu hata kimoja juu yake, ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote, halafu wakaingiza gesi kidogo sana na kupasha moto polepole, wakihesabu kinachotoka. Ukasema huko nje wameanza kuweka madini ya namna hiyo kwenye bomba la moshi la gari, na gesi ileile ya makaa ikipita hapo inashikana na oksijeni, inatoka ikiwa hewa ukaa, ambayo haimkalii mtu damuni. Macho yako yalikuwa yanang'aa, pasi umeisahau juu ya kola. Niliinyanyua mimi.

Sijui kama unaelewa ulivyonipumzisha. Unaenda kwa sababu unapenda kitu. Hilo tu. Wasichana wengi wa umri wangu hawakupata kwenda popote kwa sababu hiyo.

Jana Mzee Abdi alipokuja kukuaga, wewe ulikuwa benki, akakaa jikoni akanywa chai akaniuliza unaenda kusomea nini hasa. Nikajaribu kumweleza. Akaweka kikombe mezani.

Akasema, "Kwa hivyo wazungu watamlipia huyu mtoto akae aangalie vile hewa inakalia chuma?"

Nikasema ndiyo. Akasema ni kazi nzuri, haina kupe. Halafu nikamshukuru tena, kama ninavyofanya kila mara, na yeye akasema kama asemavyo kila mara kwamba alikuwa amekuja kuchukua kanzu. Lakini alipofika mlangoni aligeuka. Alisema mwaka ule mzima baada ya siku ile alikuwa anapita dukani makusudi, hana cha kushona, apate tu kuona kama umeongeza neno. Siku uliyomwita kwa jina lake, alisema, alienda nyumbani akachinja mbuzi na hakumwambia mtu ni wa nini. Mwandikie ukifika. Asomewe na mjukuu wake.

Sina ushauri mwingi, nami nimeona ushauri wangu wa zamani ulivyokuweka kiti cha nyuma. Nitakuambia tu yale niliyoyapata kwa gharama. Utafanya makosa huko. Utavunja vitu vya thamani, utafeli mtihani, kutakuwa na asubuhi ambayo jina la mtu unayemjua halitakuja mdomoni. Hiyo itakuwa ni uchovu, au baridi, au ni binadamu. Usirithi tabia yangu ya kutafuta chanzo kimoja cha kila kitu. Na ukiona huyapendi tena yale madini, ukitaka kurudi ufundishe wasichana wa Nyeri kusokota waya, rudi, hakuna atakayekuuliza. Watu wakikuuliza huko umetoka wapi, waambie habari ya mlima na ya baridi yetu. Siku ile ya dukani si lazima wakujue kwayo. Nimekupa yote leo ili iwe yako, uitumie ukitaka au uisahau.

Nasikia lori la baba yako linapiga kona, kwa hiyo namalizia.

Kuna jambo moja ambalo nadhani hulijui. Tangu tulipotoka hospitalini, kila usiku uliolala chini ya paa letu, nimekuwa nikiamka katikati ya usiku, nakuja mpaka kitandani kwako, naweka kiganja chini ya pua yako mpaka nisikie pumzi. Ulipokuwa mdogo, ulipokuwa sekondari, ulipokuwa unakuja likizo kutoka Nairobi na wewe ni mwanamke mzima. Baba yako alizoea, akawa ananipisha tu njia.

Leo asubuhi nilifungua macho nikaona jua limeshaingia dirishani. Nilikuwa nimelala usiku kucha, moja kwa moja. Nililala pale kidogo nikikusikia unaimba bafuni, na sikuinuka.

Mama yako,
Wanjiru